Baiskeli ya keria ringi 28, hema nyuma, Dodoma mpaka maziwa ya Singida: maoni yangu

Naongelea baiskeli ya keria, ile ndefu nyeusi ya Kichina ya ringi 28, breki za fito za chuma, gia hamna hata moja, ile ile unayoiona imebeba madumu ya maji Chamwino na magunia ya mkaa kule Kongwa. Nimeipanda kutoka Dodoma mpaka Singida kwa mwendo wa kujivuta, tunalala kwenye hema, tunaamka jua likishatoka, hatushindani na mtu, lengo kubwa ni kufika kwenye maziwa ya Kindai na Singidani tukakae kando ya maji mpaka tutosheke. Jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo: kwa safari ya taratibu ya namna hii, kwenye mikoa yetu hii ya katikati, sijaona baiskeli ya kuishinda hii, na sisemi hivyo kwasababu ni bei nafuu tu, nasema kwasababu hamna kijiji tulichopita kilichokosa mtu anayejua kuitengeneza.

Mdogo wangu niliyekua naye alikuja na ya gia, mtumba wa Ulaya, fremu ya alumini, nyepesi mpaka unainyanyua kwa mkono mmoja. Kwenye lami ya kutoka Nala kushuka alikua ananiacha mbali kabisa, nikimkuta yuko chini ya mti ameshamaliza kula karanga. Lakini kabla ya Kintinku ile mashine ya nyuma inayohamisha cheni ikanasa kijiti, ikapinda, ikaingia kwenye spoki, na safari ikasimama hapo hapo. Tukasukuma mpaka kwa fundi, mzee mmoja mtulivu sana, akaishika akaigeuzageuza akasema "Mwanangu, ningekua na kifaa chake ningekufungia sasa hivi, ila kifaa hiki huku hakifiki." Akatoa ile mashine yote, akakata cheni ikawa fupi, akaifunga kwenye gia moja, na mdogo wangu akaendelea hivyo mpaka mwisho wa safari. Kazi nzuri sana ya yule mzee, ila ndo hivyo, gia zote zilizobaki zikawa hazina faida tena.

Yangu nayo ilisumbua, msidhani. Ile pini inayoshika mkono wa pedeli ililegea baada ya kupita barabara ya vumbi tuliyokatiza kwenda kuangalia mashamba ya mpunga, ukikanyaga unasikia mguu unaruka kidogo, na ukiiacha hivyo inakula chuma mpaka mkono wote unaharibika. Kijana chini ya mwembe akaigonga kwa nyundo, akaona imeshachakaa, akatoa nyingine kwenye kopo la maziwa lililojaa pini, akaifunga, akakaza nati, tukaondoka kabla hata chai haijapoa. Karibu na Ikungi zikakatika spoki za nyuma, upande wa frii (lile duara la meno la nyuma linalovutwa na cheni) kama kawaida, na pale pale spoki za 28 zipo zinauzwa dukani kwenye kabati moja na sabuni na viberiti. Hii ndo sifa kuu ya hii baiskeli na naomba anayesoma aichukulie kwa uzito wake, maana kwenye safari ndefu swali la maana kuliko uzito na kuliko kasi ni hili: ikiharibika hapa nilipo, nani ataitengeneza?

Sasa tuje kwenye baiskeli yenyewe. Ina uzito wa kilo 20 na ushee kabla hujaweka kitu, fremu ni chuma tupu, na muundo wake ni wa zamani sana, asili yake Uingereza, Wachina na Wahindi wakauchukua wakaendelea kuutengeneza mpaka leo bila kubadilisha mengi. Fremu imelala nyuma, umbali kati ya ringi ya mbele na ya nyuma ni mrefu, usukani umekaa juu na karibu, kwahiyo unakaa wima kama mtu aliyekaa kwenye kiti unaangalia nchi. Mgongo hauumi. Viganja havifi ganzi. Mdogo wangu alikua ameinamia usukani wake mchana kutwa na jioni shingo inamuuma, mimi nimeshaona vichuguu, nimeona mbuyu uliotobolewa kuwekwa mizinga ya nyuki, nimesalimiana na kila mtu njiani. Mzee mmoja wa Kigogo aliyekua anachunga ng'ombe karibu na Kigwe alitupungia fimbo akatusalimia kwa Kigogo "Mbukwenyi!" na kwa kasi yangu nilipata muda wa kusimama, kumwamkia na kumsikiliza akituelekeza kisima kiko wapi.

Kuhusu tairi nakaa kidogo kwasababu hapa watu wengi wanapoteza hela. Tairi la hii baiskeli limeandikwa 28 x 1½, na pembeni kwa herufi ndogo utakuta namba kama 40-635. Mitumba mingi ya Ulaya nayo watu wanaiita 28, lakini ukisoma pembeni utakuta inaishia na 622. Tofauti ni milimita 13 tu ila haviingiliani kabisa, tairi la 622 haliwezi kupanda kwenye ringi ya 635, na la 635 ukiliweka kwenye ringi ya 622 linapwaya linachomoka. Kwenye maduka ya vijijini tulikopita tairi tuliyokua tunaiona ni ile ya 635 na zile za baiskeli ndogo za 26, ya 622 hatukuikuta mpaka tulipofika Singida mjini, tena moja, imekauka. Kwahiyo kabla hujanunua baiskeli yoyote ya safari, inama chini usome ile namba ya mwisho, muuzaji akikwambia "28 ni 28 tu kaka" usimsikilize.

Pancha zipo nyingi, huu ni ukanda wa migunga na miba yake inatoboa mpaka kandambili. Dawa iliyotusaidia ni ya bei ya bure: chukua tyubu ya zamani, ikate katikati kwa urefu, itandaze ndani ya tairi halafu ndo uweke tyubu nzima juu yake. Tairi linakua zito kidogo lakini miba mifupi inaishia kwenye ile tyubu ya zamani. Beba viraka, solusheni, msasa, pampu ya mkono, tyubu moja mpya, na ile spana bapa yenye matundu mengi. Hivyo vyote vinaingia kwenye kopo moja.

Breki ndo udhaifu wake mkubwa na hapa sifichi. Ni fito za chuma, ukibana mkono fito inavuta kile kibano kinapandisha mipira ikasugue ringi kwa ndani, na ringi yenyewe ni chuma iliyong'arishwa, kwahiyo kukiwa kukavu inashika vizuri tu, kukiwa na maji inateleza kwanza ndo baadae ikamate. Ukiwa na mzigo kwenye mteremko hiyo "baadae" ni ndefu sana. Sisi tulisafiri kiangazi, mvua hamna, na njia tuliyochagua mteremko wake wa Dodoma kwenda Bahi ni wa polepole, kwahiyo haikua shida. Ila mtu akiniambia anataka kwenda nayo Kondoa vijijini kwenye zile kona za milimani, au anataka kushuka ule ukingo wa Saranda kutoka Manyoni akiwa amebeba mzigo, ntamwambia ashuke asukume kwa miguu au atafute baiskeli nyingine. Pia zile nati za fito zinalegea kwa mtikisiko, kila asubuhi kabla ya kuondoka nilikua nazipitia zote kwa spana, inachukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Na kitu kingine, ukinunua mpya usiondoke nayo dukani moja kwa moja kwenda safari. Nilipoifungua ya kwangu kwa fundi, gololi zilikua karibu kavu, grisi imepakwa kidogo sana, spoki nyingine zimelegea nyingine zimekaza kupita kiasi. Mwambie fundi afungue ringi zote mbili, shingo ya usukani na katikati kwenye pedeli, aweke grisi mpya, anyooshe ringi, halafu uipande kwanza mitaani ukiwa umebeba mzigo, spoki na gololi zikae sawa, ndo ukaze tena. Kama magoti yako ni kama yangu mwambie akubadilishie frii, aweke yenye meno mengi zaidi, 20 au hata 22, kasi inapungua kwenye tambarare lakini vilima vinakua vyepesi na kwa safari ya kujivuta kasi haina kazi. Bei ni ya maelewano, mimi baada ya kubembelezana niliipata kwa laki mbili na nusu, hapo bado fundi na frii.

Keria sasa. Kwenye safari ya hema keria ndo baiskeli yenyewe, hayo mengine ni ya kuisaidia keria ifike. Hii ni ya chuma, pana, imefungwa kwenye fremu na kwenye ekseli, watu wanabebea gunia la mahindi na abiria juu yake. Nilienda kwa fundi anayeshona maturubai ya malori akanishonea mabegi mawili ya kuning'inia pembeni, turubai nzito, mkanda juu, ndani unaweka vitu vizito chini kabisa, mchele, sufuria, maharage, ili uzito usikae juu baiskeli ikakuyumbisha. Juu ya keria likakaa hema, blanketi na mkeka, vimefungwa kwa ile mipira ya tyubu iliyokatwa vipande virefu, na mimi sijaona kamba ya dukani inayoshika mzigo kama hiyo mipira. Dumu la maji la lita 20 linakaa upande mmoja, upande wa pili unalinganisha na begi. Hapa mdogo wangu ndo aliteseka, maana baiskeli yake haikuja na keria, akafungiwa ile nyepesi ya kubana kwenye nguzo ya siti, ikawa inazunguka kila akipita kwenye tuta, mwisho mzigo wake nusu ukahamia kwangu na baiskeli yangu haikubadilika chochote zaidi ya kua nzito kupanda.

Njia yenyewe ntaieleza kwa kifupi ila kuna sehemu ntakaa. Kutoka Dodoma unapita Nala, Kigwe, unaingia Bahi, kilomita 50 na kitu, na karibu yote unashuka, maana Dodoma iko juu kwenye mita 1,100 hivi na bonde la Bahi liko kwenye kama mita 830. Kuanzia mwezi wa sita upepo wa eneo hili unatoka mashariki na kusini mashariki, kwahiyo ukielekea Singida unakua nao mgongoni au ubavuni, ukigeuza safari utapigana nao kila siku, hii ndo sababu nashauri uanzie Dodoma umalizie Singida na sio kinyume. Bahi kuna mpunga, kuna wali mtamu na samaki wa bwawani, na kuna mbu wengi sana, chandarua cha hema kikague kabla hujafika.

Kutoka Bahi mpaka Kintinku ni tambarare, jua kali, malori mengi. Naomba nisisitize hili la malori. Hii ndo barabara kuu ya mizigo inayotoka bandarini kwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na mabasi ya Mwanza nayo yanapita humu humu, kwahiyo kioo cha pembeni kwenye usukani sio urembo, kifunge, na bandika riflekta nyuma kwenye mzigo. Sisi tulikua na sheria moja, likija lori nyuma na jingine mbele kwa wakati mmoja tunatoka nje ya lami bila kubishana. Baiskeli nzito ya tairi nene inakubali kushuka kwenye changarawe bila kukuangusha, yenye tairi jembamba inakuchezesha. Saa sita mpaka saa tisa tulikua hatuendeshi kabisa, tunapumzika chini ya mkwaju. Chagua mkwaju, mbuyu wakati wa kiangazi hauna majani, ukubwa wote ule lakini kivuli chake ni cha shina tu.

Halafu unafika kwenye ule ukingo wa bonde la ufa, unapanda kupitia Saranda kwenda Manyoni. Kutoka mita 830 unaenda kwenye zaidi ya 1,200. Hapa hamna cha gia moja wala gia ishirini ukiwa na mzigo kama wetu, tulishuka tukasukuma, tukasimama, tukanywa maji, tukaangalia chini, na kule nyuma unaona bonde lote la Bahi limelala kama mkeka na reli inakatiza. Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na miaka miwili baadae ikafika Tabora, na ukisimama pale unaelewa kwanini hao wajenzi nao walitafuta sehemu ya kupandia, ukingo ule haupandiki popote unapotaka. Manyoni ndo njia panda, kushoto unaenda Itigi na Tabora, kulia Singida. Tulichukua gesti hapo, tukafua, tukachaji simu na pawabenki, tukala kuku, na mama aliyetupikia aliposikia tunaenda na baiskeli akasema "Wanangu, basi subirini niwafungie na vitumbua vya njiani," na hakukubali hela ya vitumbua.

Manyoni kwenda Singida ni Issuna, Ikungi, Puma, nchi inabadilika, mawe makubwa yanaanza kuota kila upande, mashamba ya alizeti, vitunguu vinauzwa barabarani kwa mafungu, asali kwenye chupa. Mwinuko unaongezeka pole pole bila kukuumiza, na baridi ya usiku inaongezeka nayo. Blanketi la Dodoma halitoshi Singida mwezi wa saba, beba la pili.

Hema letu lilikua la watu wawili, la duara, tabaka moja, mtumba. Sifa yake ni kwamba linafungwa haraka na ni dogo. Ubaya wa tabaka moja ni kwamba asubuhi ya baridi pumzi zenu zinagandia kwenye kitambaa ndani zinadondoka, mnaamka na blanketi lenye unyevu, kwahiyo acha madirisha wazi hata kama kuna baridi. Ya pili, vigingi vyake vile vyembamba vya bati havina maana kwenye ardhi ya Singida, chini kuna mwamba, vinapinda vyote, tukaacha tukawa tunafunga kamba kwenye mawe, na mawe hayakosekani. Fito zake moja ilipasuka kwa upepo, tukaifunga na kipande cha mwanzi na raba. Ukipata la matabaka mawili hata kwa hela ya ziada, chukua. Viatu usiviache nje, na asubuhi vikung'ute kabla hujavaa kwasababu ya nge.

Sehemu ya kulala tulikua tunatafuta kabla jua halijashuka sana. Unaingia kijijini, unauliza mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kitongoji yuko wapi, unaenda unaamkia, unajieleza mnatoka wapi mnaenda wapi, unaonyesha kitambulisho, unaomba sehemu. Hamna aliyetukatalia. Mara nyingi tulipewa karibu na shule au karibu na nyumba ya mtu, na mwenye nyumba anakua kama amekabidhiwa wageni, watoto wanakuja kuangalia hema mpaka wanafukuzwa wakalale. Usijifiche porini eti ili usisumbue watu, kijiji kikiona moto usiku porini ndo unakua umewasumbua kweli, na wana haki ya kuja kuuliza wewe ni nani.

Wazo la safari hii lilinijia kwa kuangalia video za wenzetu wanaozunguka maziwa ya milima ya Alpi kwa baiskeli na mahema, hasa lile la Bodensee ambalo liko kati ya Ujerumani, Uswisi na Austria. Njia ya baiskeli ya kulizunguka ni kama kilomita 260, na Dodoma mpaka Singida ni pungufu kidogo tu ya hapo, kwahiyo nikajisemea kumbe urefu wa safari tunao, maziwa tunayo, hema tutapata. Tena Bodensee lenyewe liko mita 395 tu juu ya usawa wa bahari, Singida iko kwenye mita 1,500 hivi, sisi ndo tuliopanda kwenda ziwani. Wao wana njia ya baiskeli iliyotengwa sehemu kubwa, wana viwanja vya kambi vya kulipia vyenye bafu na jiko, na kwa kawaida hairuhusiwi kufunga hema popote tu kando ya ziwa. Wana vivuko na treni zinazopakia baiskeli, ukichoka unavuka. Natamani sana tungekua hata na kipande cha njia ya baiskeli kando ya hii barabara yetu, maana watu wanaoendesha baiskeli kila siku kwenda shamba na shule ni wengi.

Lakini tofauti iliyogusa safari yetu kuliko zote ni maji. Bodensee ni maji baridi, yanasafishwa yananywewa na watu zaidi ya milioni 4 huko Ujerumani kusini. Singidani na Kindai maji yake ni ya chumvi na magadi, yanaingia na mvua, hayana pa kutokea, jua linayakausha chumvi inabaki. Huwezi kunywa, huwezi kupikia. Kwahiyo mtu anayetaka kulala kando ya Singidani lazima aende na maji yake, na hapo ndo lile dumu la lita 20 kwenye keria lilipolipa gharama zote. Tulijaza mjini, nikalipeleka mpaka ziwani, likatutosha kupika, kunywa na kunawa, na kesho yake nikarudi kujaza tena bila kukodi bodaboda. Baiskeli ya mdogo wangu isingeweza kazi hiyo.

Ziwa lenyewe ndugu zangu nendeni mkalione. Kindai ni dogo, liko karibu kabisa na mji, watu wanapita kando yake wakienda kwenye shughuli zao. Singidani ni kubwa, mawe ya rangi ya kijivu makubwa yamepangana mpaka kwenye maji, na heroe, wale ndege wa waridi wenye miguu mirefu, tuliwakuta kwenye kina kifupi wamejaa, wanatembea kichwa chini wanachuja chakula. Tuliomba ruhusa kwa mtendaji wa mtaa, tukapewa sehemu karibu na shamba la mama mmoja, hema tukalisogeza nyuma ya jiwe kubwa kukwepa upepo maana upepo wa pale mchana haulali, na tukakaa. Kazi ilikua kupika, kuzunguka ziwa na baiskeli bila mzigo, kukaa juu ya mawe. Kuku wa kienyeji wa Singida tuliokula pale sisemi mengi, kila mtu anajua sifa yake na sifa hiyo ni ya kweli.

Nani asiichukue hii baiskeli? Mtu mfupi ajaribu kwanza dukani, fremu iko juu, na bomba la juu kwenye ile ya kiume linasumbua kushuka ukiwa na mzigo nyuma, kuna ile ya bomba lililoinama ambayo akina mama wengi wanaichukua na hata mwanaume akiichukua kwa safari sioni tatizo. Mtu mwenye siku chache anayetaka kukimbia achukue nyepesi ya gia, ila akabebe vipuri vyake mwenyewe, na ajifunze kuvifunga. Mtu wa milimani, nimeshasema kuhusu breki. Wengine wote, mnaotaka kwenda mnaongea, mnasimama kwenye kila mwembe, mnalala popote mnapopokelewa, hii ndo yenyewe. Naipa nne kati ya tano, hiyo moja imeliwa na breki. Kama hujawahi kulala nje na baiskeli anza na Hombolo, ni karibu, kuna bwawa na zabibu, ukishindwa unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Mtera pia ni pazuri lakini pale kuna mamba na viboko, hema liwe mbali na maji na waulize wavuvi kwanza.

Kurudi tulipanda basi stendi ya Singida. Konda mmoja alitaja bei ya kupakia baiskeli karibu sawa na nauli ya mtu, tukaenda basi la pili tukaelewana nusu ya hapo. Geuza usukani ulale na fremu, toa pedeli uziweke mfukoni, punguza upepo kwenye tairi, funga cheni na gazeti isichafue mizigo ya watu, halafu simama hapo hapo uangalie inavyolazwa kwenye buti, upande wa frii uwe juu. Na bei muelewane kabla baiskeli haijaingia, ikishaingia huna tena nguvu ya kubishana.